Kumpima VVU aliyekuja kutibiwa ugonjwa wa zinaa: hatua kwa hatua, ndani ya chumba kimoja

Mtu anayeingia kliniki akilalamika usaha uumeni, kidonda sehemu za siri au maumivu ya chini ya kitovu ameshakuambia jambo kubwa kabla hujamuuliza: huenda amekutana kimwili na mtu mwenye maambukizi, na kondomu haikuwepo au haikusaidia. Njia iliyomletea kisonono ndiyo VVU hupitia. Hata hivyo, vituo vingi bado humchoma sindano, humpa vidonge, kisha humwambia, "Ukitoka hapo pitia maabara ukapime na ukimwi." Hapiti. Foleni ni ndefu, ana haya, ana hofu, na kilichokuwa kikimuuma kimeshapata dawa.

Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu au mshauri nasaha anayewahudumia wagonjwa hao. Msimamo wake ni mmoja: kipimo cha VVU ni sehemu ya matibabu ya ugonjwa wa zinaa. Kinafanywa na mhudumu yuleyule, chumba kilekile, kabla dawa hazijatoka. Dozi na mpangilio wa vipimo hapa vinafuata kwa kiasi kikubwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Mwongozo wa taifa lako ukitofautiana, fuata wa taifa.

Kwa nini wagonjwa hawa hasa

Kidonda cha kaswende, pangusa (chancroid) au malengelenge hupasua ngozi na kuacha njia wazi. Kisonono na klamidia hazipasui ngozi namna hiyo, lakini huita seli za CD4, yaani seli nyeupe za kinga ya mwili, zijazane kwenye utando wa uke, njia ya mkojo au njia ya haja kubwa, na hizo ndizo seli ambazo VVU huzishambulia. Mwenye malengelenge ya sehemu za siri yanayoletwa na kirusi cha HSV-2 ana uwezekano wa kupata VVU karibu mara tatu kuliko asiye nayo.

Upande wa pili ni mgonjwa ambaye tayari ana VVU bila kujua. Utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 1997 uliwalinganisha wanaume wenye VVU waliokuwa na usaha njia ya mkojo na wenzao wenye VVU wasio na usaha. Virusi kwenye shahawa za wale wa kwanza vilikuwa mara nane zaidi, ingawa kwenye damu hawakutofautiana. Wiki mbili baada ya tiba, virusi shahawani vilikuwa vimeshuka. Huyo ndiye mtu aliyekaa mbele yako: siku anayokuja na usaha ndiyo siku anayoweza kuambukiza kirahisi zaidi.

Mwanza, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Majaribio ya baadaye kwingineko hayakupata punguzo hilo, na ndiyo maana antibiotiki peke yake haihesabiwi kuwa kinga ya VVU. Tibu ugonjwa wa zinaa, lakini usiishie hapo.

Uchafu ukeni unahitaji angalizo. Mara nyingi ni fangasi au kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa uke, si ugonjwa alioambukizwa na mtu. Mpime VVU kama wengine, ila usimwambie mumewe amemletea ugonjwa wakati huna ushahidi. Ndoa huvunjika kwa sentensi kama hiyo.

Panga kazi ianze na tone la damu

Kipimo cha haraka huchukua dakika 15 hadi 20 kutoa majibu. Ukikiacha mwisho, dakika hizo ni za mgonjwa kukaa akitazama mlango. Ukikianza mwanzoni, ndizo dakika unazohitaji kuchukua historia, kumkagua na kuandaa dawa. Basi mpangilio uwe huu: salamu na malalamiko kwa kifupi, ridhaa, kutoboa kidole, kuwasha saa ya kuhesabu dakika, kisha historia na ukaguzi, kisha majibu, kisha dawa na mipango ya wenza.

Mezani kabla hajaingia kuwe na vitepe vya kipimo cha kwanza, cha pili na cha tatu, bafa (kimiminika cha kudondoshea kitepe) ya kila kimoja, lanseti (sindano ndogo za kutobolea kidole) za kutumia mara moja, pipeti ya kuvutia damu, pamba yenye spiriti, pamba kavu, glavu, saa, na boksi la vitu vyenye ncha kali ulifikie bila kunyanyuka. Kama kuna kitepe cha pamoja cha VVU na kaswende, kitumie kuwa cha kwanza: tone moja, majibu mawili. Hakimfai mtu anayejulikana kuwa na VVU, wala aliyewahi kutibiwa kaswende. Kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kaswende (kingamwili, ambazo ndizo kitepe hutafuta) hubaki kwenye damu kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yote, hata baada ya kupona, hivyo mstari utatokea na utamtibu mtu ambaye pengine hana ugonjwa. Huyo wa pili anahitaji RPR, kipimo cha damu cha kaswende kinachotoa kiwango, ili ulinganishe na cha zamani.

Kuomba ridhaa

Maneno yanafanya nusu ya kazi. Ukiuliza, "Je, ungependa kupima ukimwi?" umempa mzigo wa kuamua jambo linalomtisha, na wengi watajibu, "Siku nyingine." Mweleze kuwa kipimo ni utaratibu wa kawaida, huku mlango wa kukataa ukiwa wazi:

"Kaka, dalili ulizonieleza ni za ugonjwa unaopatikana kwa kujamiiana, na dawa yake ipo, utaondoka nayo leo. Kila anayekuja na tatizo hili tunampima pia VVU na kaswende, kwa sababu njia ya kuyapata ni moja. Ni tone moja la damu ya kidole. Majibu ni yako na yangu. Una haki ya kukataa, na ukikataa utapata dawa vilevile. Nianze?"

"Sasa daktari, nikikutwa nao?"

"Ukikutwa nao, dawa unaanza leo au wiki hii, na ukizimeza vizuri unaishi maisha marefu na humwambukizi mwenzako. Usipokutwa nao, nina dawa ya kukukinga usiupate."

Maelezo hayo hayafiki dakika mbili na yanatosha. Ushauri nasaha mrefu kabla ya kipimo umeshaachwa na miongozo. Muda wako utunze kwa baada ya majibu. Nguzo ni tano: ridhaa, usiri, ushauri, majibu sahihi, na kumuunganisha na huduma. Ridhaa ya mdomo inatosha mahali pengi. Kwa walio chini ya umri wa utu uzima, angalia sheria inasemaje kuhusu umri wa kuridhia bila mzazi. Hakikisha pia hakuna mtu mwingine chumbani, hata mke au mume aliyemsindikiza. Mwenza anaweza kuingia baadaye, mgonjwa mwenyewe akitaka.

Kabla ya kutoboa, uliza maswali mawili ambayo watu huyaruka. La kwanza: ameshawahi kupima, na majibu yalikuwaje? La pili: kuna dawa yoyote anayomeza kila siku au sindano anayochomwa kwa ratiba? Mtu anayetumia ARV (dawa za kufubaza VVU) kwa siri anaweza kupimwa na kipimo kikasoma hasi, hasa cha mate, kwa sababu dawa zimeshusha kinga ambazo kipimo kinazitafuta. Ukimtangazia hana VVU, huenda akaacha dawa. Anayetumia PrEP (dawa ya kujikinga kabla ya kukutana na VVU) naye anaweza kuambukizwa na kipimo kikachelewa kuonyesha.

Akikataa, mtibu kikamilifu. Kumnyima sindano mpaka apime ni kumlazimisha, na hatarudi tena. Mpe kitepe cha kujipima nyumbani kama kipo, andika kwamba amekataa, na muulize tena siku ya marudio.

Kidole, tone, kitepe

Makosa mengi ya kipimo cha VVU hutokea kwenye sentimita chache kati ya kidole na kitepe, si kiwandani.

Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi na joto la kuhifadhia, ambalo kwa vitepe vingi ni nyuzi 2 hadi 30. Vitepe vilivyokaa dirishani juani visitumike, hata kama tarehe haijafika. Fungua pakiti wakati huo tu, na kama ndani kuna kifuko cha kufyonza unyevu kilichobadilika rangi, tupa. Andika namba ya mgonjwa kwenye kitepe kabla ya damu. Ukipima watu wawili kwa pamoja bila kuandika, siku moja utampa mtu majibu ya mwenzake.

Chagua kidole cha kati au cha pete, mkono usiotumika sana. Kama mkono ni baridi, usugue au uushushe chini kwa muda. Futa kwa spiriti, kisha acha ikauke yenyewe. Watu huchoka kungoja na kutoboa kidole kikiwa bado kimelowa, spiriti ikachanganyika na damu na kuharibu kipimo. Toboa pembeni ya ncha ya kidole, si katikati penye maumivu zaidi. Futa tone la kwanza kwa pamba kavu, chukua la pili. Usikamue kwa nguvu, maana majimaji ya nyama huchanganyika na damu na kuizimua. Jaza pipeti hadi alama yake, bila mapovu, na udondoshe mahali palipoonyeshwa. Damu pungufu inaweza kuficha mstari. Ikizidi, kitepe chote huwa chekundu na hakisomeki.

Bafa ni ya kitepe chake tu. Chupa ya kipimo cha kwanza ikiisha, usiazime ya kipimo cha pili kwa sababu zinafanana rangi. Idadi ya matone ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda, chupa ikiwa imesimama wima.

Washa saa. Kusoma kabla ya muda hutoa hasi za uongo, kwa kuwa mstari dhaifu haujatokea. Kusoma baada ya muda wa mwisho, damu ikishakauka, huleta mistari isiyo na maana. Mstari wa udhibiti, unaoonyesha kwamba kitepe kimefanya kazi, usipotokea, kipimo ni batili hata kama mstari wa mgonjwa upo. Rudia kwa kitepe kipya. Mstari hafifu unahesabiwa kuwa umetokea. Hakuna "chanya kidogo". Ukijikuta unakiinua kitepe dirishani na kukigeuzageuza ili uamue, muite mwenzako akisome bila kumwambia ulichokiona.

Kusoma majibu kwa pamoja, si kimojakimoja

Kitepe kimoja kikionyesha mstari, bado hujagundua VVU kwa mtu. Umepata sababu ya kuendelea. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vipimo vitatu mfululizo, vya aina tofauti, vyote vionyeshe mstari, ndipo mtu aambiwe ana VVU. Cha kwanza kikiwa hasi, jibu ni hasi.

Cha kwanza kikionyesha mstari na cha pili kisipoonyesha, rudia cha kwanza. Kikigeuka hasi, mpe jibu hasi. Kikionyesha mstari tena, jibu ni "haijulikani" na anarudi baada ya siku 14. Vya kwanza viwili vikikubali na cha tatu kikakataa, nako ni haijulikani na siku 14. Katika siku hizo usimwanzishie ARV wala usimwambie yuko salama. Mwambie ukweli: vipimo havijakubaliana, jambo hili hutokea, tutarudia tarehe fulani, na hadi hapo tumia kondomu.

Kwa anayepata jibu hasi, kuna kipindi cha dirisha, yaani siku ambazo virusi vimeshaingia lakini kipimo hakivioni. Vipimo vinavyotafuta kinga peke yake huona maambukizi kati ya siku 23 na 90 baada ya tukio. Vya maabara vinavyotafuta kinga na antijeni (sehemu ya kirusi chenyewe) kwa damu ya mshipa huona kati ya siku 18 na 45. Kipimo cha vinasaba vya virusi huona kati ya siku 10 na 33. Sasa hesabu: kisonono kwa mwanaume hujitokeza siku chache tu baada ya tendo. Anakuja siku ya tano akitokwa usaha, kitepe kinasoma hasi, naye anaondoka akifurahi kwamba amenusurika, ilhali kipimo kimezungumzia maisha yake ya zamani. Tukio lililomleta leo bado halimo. Mwambie hivyo hivyo, na umpangie kurudia.

Homa na vipele: maambukizi mabichi

Wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, wengi hupata homa, koo kuuma, tezi kuvimba, vipele mwilini, maumivu ya misuli, wakati mwingine vidonda mdomoni. Hupita ndani ya siku au wiki chache na watu huviita mafua au malaria. Wakati huo virusi kwenye damu ni vingi kupita kiasi, na kitepe cha kinga kinaweza kusoma hasi. Kwenye kliniki ya magonjwa ya zinaa ndiko maambukizi mabichi ya namna hii hukutwa, kwa hiyo kila mwenye jibu hasi muulize: "Mwezi huu umepata homa au vipele?"

Akisema ndiyo, na alikutana na mtu katika wiki hizo, tafuta kipimo cha vinasaba au cha antijeni. Kama hakuna, mrudishe baada ya wiki mbili, kisha tena baada ya wiki sita hadi kumi na mbili. Usimwanzishie PrEP siku hiyo, maana dawa mbili kwa mtu ambaye tayari ana virusi huviacha vijifunze kuzishinda.

Usisahau mfananishi wake mkubwa. Kaswende ya hatua ya pili nayo huleta homa, tezi na vipele, ila vyake hupenda viganja na nyayo, mara nyingi haviwashi. Geuza mikono ya mgonjwa uitazame. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Akiwa hasi: saa 72 ndizo zinazoamua

Uliza tendo la mwisho bila kondomu lilikuwa lini, kwa siku na saa. Ikiwa ni ndani ya saa 72 na mwenza ana VVU au hajulikani hali yake, mpe PEP, yaani dawa ya kuzuia VVU baada ya tendo: tenofovir, lamivudine na dolutegravir, kidonge kimoja kwa siku kwa siku 28, na dozi ya kwanza aimeze mbele yako. Kila saa inayopita inapunguza faida, hivyo usingoje majibu ya figo wala ya homa ya ini. Akimaliza siku 28 na bado yuko hasi, aunganishe moja kwa moja na PrEP bila siku ya kupumzika.

Kama saa 72 zimepita na hana dalili za maambukizi mabichi, zungumza PrEP siku hiyohiyo. Mtu aliyekuja na kaswende au kisonono ameshathibitisha kwamba anaihitaji; huna haja ya kumhoji idadi ya wapenzi. Kidonge cha tenofovir na emtricitabine, kimoja kwa siku. Wanawake wanahitaji siku 7 za kumeza kabla ya kukitegemea. Wanaume wanaweza kuanza na vidonge viwili saa 2 hadi 24 kabla ya tendo, kisha kimoja kila siku. Anayetaka kutumia kwa matukio tu anameza kimoja saa 24 baada ya dozi ya kwanza na kingine saa 48 baada ya hiyohiyo dozi ya kwanza. Mpango huu wa matukio haumfai mwanamke wala mwenye homa ya ini aina ya B, ambaye ini lake linaweza kuchafuka dawa zinapoingia na kutoka. Zipo pia sindano za cabotegravir kila miezi miwili na lenacapavir kila miezi sita, pale zinapopatikana.

Kichefuchefu na gesi tumboni wiki za mwanzo hupita. Mwambie mapema, la sivyo ataacha siku ya nne. Arudi baada ya mwezi mmoja kupima VVU, kisha kila miezi mitatu, na kila mara mpime magonjwa ya zinaa pia. PrEP haizuii kaswende.

Akiwa chanya

Sema kwa sentensi fupi: "Vipimo vyote vitatu vimeonyesha kwamba una VVU." Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa takwimu. Akilia, akicheka, akikataa, mpe nafasi, halafu muulize anataka kujua nini kwanza. Mara nyingi ni watoto, au mwenza, au kama atakufa.

Kabla ya kuanza dawa, vipimo virudiwe kwa damu mpya, ikiwezekana na mhudumu mwingine. Hatua hii hunasa makosa ya kuchanganya majina, na isichukue zaidi ya siku hiyo. Kisha uliza dalili nne za kifua kikuu: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Uliza pia kichwa kinachouma bila kukoma, shingo kukakamaa au kuona vibaya. Mwenye dalili hizo za kichwa asianzishiwe ARV leo. Kama ni homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi, kuanza mapema kunaweza kumuua, na dawa hungoja wiki 4 hadi 6 tangu atibiwe fangasi huo. Wengine wote wanaweza kuanza siku hiyohiyo wakiwa tayari, au ndani ya siku 7. Chukua damu ya CD4, homa ya ini B, figo, na kipimo cha mimba, bila kuzifanya kizuizi. CD4 ikiwa chini ya 200, pima antijeni ya kriptokokasi; ikiwa 350 au chini, anzisha kotrimoksazoli, antibiotiki ya kuzuia magonjwa nyemelezi.

Dawa ya kawaida ya kuanzia ni kidonge kimoja chenye tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50, mara moja kwa siku. Akikosa usingizi, ahamishie asubuhi. Dawa za kiungulia zenye alumini au magnesiamu zinashika dolutegravir tumboni: ameze dolutegravir saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Ndivyo pia kwa vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu, na hapa wajawazito ndio huumia zaidi, kwa kuwa wote wanapewa chuma. Anayetumia rifampicin, dawa ya kifua kikuu, aongezewe dolutegravir miligramu 50 saa 12 baadaye. Kiwango cha virusi hupimwa baada ya miezi 6. Virusi visipoonekana na akiendelea kumeza dawa, hawezi kumwambukiza mwenza kwa ngono. Hadi hapo, kondomu.

Kundi linalosahaulika ni wale wanaojijua wana VVU, wako kwenye dawa, na wamekuja na kidonda. Usimgombeze. Muulize dawa anazimezaje na angalia kiwango chake cha mwisho cha virusi. Kama kimepita miezi 6, chukua kipya. Akiwa na kaswende, uliza macho na masikio: kuona ukungu, kuvuma au kutosikia ghafla kunahitaji rufaa siku hiyo. Malengelenge yasiyopona kwa zaidi ya mwezi ni dalili ya hatua ya nne ya VVU. Wanawake wapelekwe kuchunguzwa saratani ya shingo ya kizazi kuanzia umri wa miaka 25.

Ugonjwa uliomleta

Usaha uumeni: ceftriaxone sindano moja ya msuli, pamoja na azithromycin gramu 1 kwa mkupuo au doxycycline miligramu 100 mara mbili kwa siku 7. Dozi ya ceftriaxone imekuwa ikipanda kwa sababu ya usugu: miongozo ya zamani ilitaja miligramu 250, ya karibuni inataja 500 au gramu 1. Angalia toleo uliloning'iniza ukutani ni la mwaka gani.

Kidonda: benzathine penicillin uniti milioni 2.4, nusu kila tako, na aciclovir miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku 7 hadi 10. Pangusa ikishukiwa, ongeza azithromycin gramu 1. Mwambie homa na mwili kuuma usiku wa sindano ya penisilini ni jambo linalotarajiwa kwa mwenye kaswende, si mzio, na huisha ndani ya saa 24. Kaswende ya muda mrefu au isiyojulikana muda wake huchomwa sindano tatu, moja kila wiki.

Uchafu ukeni wa trikomona, kimelea kinachoambukizwa kwa ngono, kwa mwenye VVU hutibiwa kwa metronidazole miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku 7, si gramu 2 za mkupuo, ambazo kwao hushindwa mara nyingi zaidi.

Wenza

Omba majina ya aliokutana nao miezi mitatu iliyopita, baada ya majibu, si kabla. Kwanza uliza faraghani: "Mwenzako akijua, kuna hatari ya kukupiga, kukufukuza au kukunyima matumizi?" Jibu likiwa ndiyo, usimpe kadi ya mwaliko aipeleke nyumbani. Njia ni tatu: aseme mwenyewe, mhudumu ampigie mwenza bila kutaja jina la aliyemtaja, au wakubaliane siku kadhaa na zikipita mhudumu apige. Mgonjwa huchagua, na anaweza kukataa kabisa.

Kitepe cha kujipima cha mate kimewafikia wanaume wengi wasiokanyaga kliniki. Mwonyeshe kwa vitendo: asile wala kunywa kwa robo saa kabla, apitishe pedi mara moja fizi ya juu na mara moja ya chini, asome ndani ya muda ulioandikwa. Mistari miwili maana yake ni njoo upimwe, si kwamba una VVU. Aliye kwenye ARV asikitumie.

Rejesta

Fungua safu nne ubavuni mwa rejesta ya magonjwa ya zinaa: alipewa nafasi ya kupima VVU, alipima, jibu, na kilichofuata, yaani PEP, PrEP, ARV au tarehe ya kurudia. Kila Ijumaa hesabu waliotibiwa na waliopimwa. Pengo kati ya namba hizo mbili lina sababu, na iandikwe pembeni ya kila jina: vitepe viliisha, amekataa, alipelekwa chumba kingine, mhudumu alisahau. Pengo likijazwa na "chumba kingine", hamisha vitepe. Likijazwa na "amekataa", msikilize mhudumu anavyoomba ridhaa, kwa kawaida tatizo liko kwenye sentensi ya kwanza. Wanaotakiwa kurudia kipimo wapigiwe siku moja kabla kwa namba waliyoiruhusu, na ujumbe utaje tarehe na saa tu, bila jina la kliniki.